Jiwe Lililofika Arusha Bila Anwani

Kijana alisubiri wenzake watoke wote ndipo akasogea mezani kwangu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Vipi, ramani tena?”

Hakucheka. Alifungua begi la mgongoni, akatoa soksi ya kijivu iliyopigwa fundo, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua dawa ya kienyeji. Ndani mlikuwa na jiwe.

Ninafundisha historia na mambo ya kale kwa vijana wanaojiandaa kuongoza watalii hapa Arusha. Nimeshaletewa mengi: jino la ngiri linalodaiwa kuwa la dinosaria, sarafu za Mjerumani, kigae cha chungu kilichovunjika juzi sokoni. Hili halikuwa la namna hiyo. Lilikuwa limechongwa na mtu, tena zamani sana, na ndiyo maana nimeona kisa chake kichambuliwe chote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi mwenyewe. Kijana ameridhia nikiandike, mradi jina lake lisiwemo.

Jiwe lilikaa kwenye kiganja bila kukijaza. Jeupe lenye ukijivu, linametameta kama chumvi ya mawe. Upande mmoja bapa, mwingine umebinuka. Ukipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake unahisi vishimo vidogo vilivyofuatana, kimoja baada ya kingine, na katikati pana pengo la nusu duara, kama panya aliyeuma mche wa sabuni. Maji ya mto yanalainisha jiwe, hayalipangii meno. Kwato za ng'ombe zinaweza kulivunja, ila hazivunji kwa mstari. Na karibu na ncha moja palikuwa na uvimbe hafifu, alama ya pigo: pale nguvu ya jiwe la kugongea ilipoingia kabla kipande hakijabanduka kwenye jiwe mama.

Nilimuuliza swali moja tu. “Limetoka wapi?”

“Oldupai, mwalimu.”

“Oldupai wapi?”

Hapo ndipo alipotazama chini.

Safari ya soksi

Ilikuwa safari yake ya tatu ya mafunzo. Alikaa kiti cha mbele pembeni ya dereva mwongozaji mwenye uzoefu, wageni wanne nyuma. Walishatoka kreta ya Ngorongoro, wakateremka upande wa magharibi kuelekea Serengeti, na kwenye njia panda ya Oldupai, korongo maarufu kwa mabaki ya watu wa kale, pale penye sanamu ya mafuvu mawili makubwa, wakasimama kupiga picha. Layoni wawili, wavulana wa Kimaasai, walikuwa wanachunga mbuzi karibu na barabara. Mmoja akamsogelea, akafumbua kiganja. Mama wa kijana wangu ni mtu wa Monduli, kwa hiyo Kimaasai anakisikia. Akauliza jiwe limetoka wapi. Layoni akaelekeza fimbo: kule, korongoni. Akapewa elfu mbili na chupa ya maji, jiwe likaingia kwenye soksi.

Nataka nimtendee haki. Hakulichukua ili aliuze. “Nilitaka niwe nalo garini, mwalimu. Mgeni akiuliza, namwekea mkononi.” Waongozaji wengi wanaelewa tamaa hiyo. Unasimulia miaka milioni moja huku mgeni anaangalia simu yake, nawe unatamani kitu cha kumshikisha.

Lakini hapa ni Arusha, na Arusha jiwe linalometameta halikosi kupita kwa dalali. Siku mbili kabla ya kuja kwangu alikuwa amempelekea mzee mmoja anayenunua tanzanaiti. Mzee akalimulika kwa tochi, akalilowesha kwa mate kidoleni, akalitazama kwa kioo chake kidogo cha kukuzia.

“Shimo gani hili? Kitalu gani?”

“Si la Mererani, mzee. Ni la Oldupai.”

“Nakuuliza limetoka wapi, unanitajia nchi nzima. Kijana, jiwe lisilo na shimo mimi sinunui.”

Huyo mzee nimemfikiria sana tangu siku ile. Kwake yeye, shimo ndilo linalomwambia kama mali ni ya kweli, kama rangi ni ya kuzaliwa au ya kupikwa, kama kuna mgogoro nyuma yake. Hajawahi kusikia neno akiolojia, na swali lake lilikuwa lile lile ambalo mtu wa malikale angeuliza kwanza.

Jibu la ziwa

Kuna sehemu ya pili ya kisa, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Wageni wakiwa pale njia panda, mama mmoja mtu mzima alitazama lile bonde, vumbi, miti michache ya miiba, upepo unaopeperusha kofia, akauliza: watu wa kale wangeishije mahali kama hapa? Kijana akajibu bila kusita kwamba zamani hapakuwa hivi. Palikuwa na ziwa, kijani kila upande, na nchi ilikauka baada ya watu hao kuondoka.

Jibu hilo alilipata kwangu. Nimelifundisha tangu nianze kazi hii.

Si uongo, ila ni nusu ya habari. Enzi za Zinjanthropus, yule jamaa wa kale wa binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana Oldupai, yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, palikuwa na ziwa kweli, la magadi, lililokuwa likipanuka na kusinyaa, na chemchemi za maji baridi kando yake. Tatizo ni kwamba Oldupai haina “zamani” moja. Korongo linateremka mita 90 hivi, na kuta zake ni tabaka juu ya tabaka, karibu miaka milioni mbili ya mashapo na majivu ya volkano. Kusema “zamani palikuwa kijani” ni kama kusema “jana kulikuwa na mvua” ukimaanisha karne nzima.

Ukavu wenyewe wa Oldupai hauhitaji maelezo marefu kwa mtu wa Arusha. Toka Ngaramtoni, penye migomba na kahawa, endesha kuuzunguka Meru hadi Oldonyosambu. Ni mwendo mfupi tu, na umeshaingia kwenye vumbi. Mlima umeyapokea mawingu upande mmoja, upande wa pili umebaki na upepo. Nyanda za juu za Ngorongoro zinafanya hivyo hivyo: pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zinamwaga mvua kwenye msitu wa kreta, kisha zinashuka magharibi zikiwa kavu. Karibu na korongo kuna hata kilima cha mchanga mweusi kinachohama, majivu ya Ol Doinyo Lengai yaliyokusanywa na upepo katika umbo la mwezi mwandamo, kikitembea mita 17 hivi kwa mwaka. Wageni wanakipenda. Sisi tunakipita kama kioja, tukisahau kwamba ni dondoo la jangwa lililo mlangoni petu.

Januari 2025 ulitoka utafiti katika jarida la Communications Earth & Environment, ulioongozwa na Julio Mercader wa Chuo Kikuu cha Calgary, kuhusu sehemu ya Oldupai iitwayo Engaji Nanyori. Niliusoma nikiwa na kikombe cha chai, chai ikapoa. Kwa ufupi: kati ya miaka milioni 1.2 na milioni 1 iliyopita, eneo lile lilikaa katika hali ya nusu jangwa kwa muda mrefu. Na watu walikuwepo. Hawakuwa sisi. Walikuwa *Homo erectus*, wenye ubongo mdogo kuliko wetu, na walirudi hapo mara kwa mara, wakishikilia sehemu zenye maji, kama vidimbwi na mahali mikondo ya mto inapokutana. Waliacha mawe mengi, miongoni mwake mawe ya kukwaruzia na zana zenye mapengo kwenye ukingo.

Uzito wa habari hii uko hapa. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walichukulia kwamba kuishi jangwani, au kwenye misitu minene, au kwenye baridi kali, ni ujuzi wa *Homo sapiens*, yaani sisi, peke yake. Wengine wote walifuata kijani, kijani kikiisha wanahama au wanakufa. Engaji Nanyori inasema kuna waliobaki, wakajua kisima kiko wapi, wakakirudia kizazi hadi kizazi. Miaka minne kabla, mwaka 2021, sehemu nyingine ya Oldupai, Ewass Oldupa, ilikuwa imeonyesha jambo la jamaa yake: kwamba miaka milioni 2 iliyopita watengenezaji wa zana walirudi mahali pale pale huku mazingira yakibadilika kutoka majani mabichi hadi misitu, hadi nyika kavu.

Mwanafunzi mmoja Mmaasai darasani aliponisikia nikitaja Engaji Nanyori alicheka. “Mwalimu, hiyo ni nyumba ya kijani.” Ukavu wa nusu jangwa umekutwa mahali panapoitwa nyumba ya kijani. Majina nayo yana utani wake.

Kwa hiyo yule mama mtalii aliuliza swali zuri kuliko jibu alilopewa. Jibu lilikuwa la mazoea, na mazoea yalitoka ubaoni kwangu.

Jangwa haliko kwenye jiwe

Sasa nirudi kwenye soksi, maana mambo haya mawili ni jambo moja.

Kijana alipoliona jiwe lake lina pengo ukingoni, na mimi nikaropoka kuhusu zana zenye mapengo za Engaji Nanyori, macho yake yaliwaka. “Basi ni la hao wa jangwani!” Nilijilaumu papo hapo. Pengo halina tarehe. Watu wamekwaruza ngozi na kuchonga miti kwa mawe ya aina hiyo kwa mamia ya maelfu ya miaka, na baadhi yao ni wa juzi tu kwa kalenda ya korongo. Aina ya jiwe nayo haisaidii. Kwa macho yangu ni kwatzaiti, na kwatzaiti ya pale kwa sehemu kubwa hutoka kilima cha Naibor Soit, “jiwe jeupe”, kisicho mbali na korongo. Kilima hicho kilikuwa duka la wahunzi wa mawe tangu enzi za chini kabisa za korongo hadi za juu. Kila aliyepita alichukua.

Ukiwa na jiwe peke yake, unajua kwamba kulikuwa na mkono. Ukame hauuoni hapo, wala maji, wala kama aliyelitengeneza alikuwa *erectus* au babu wa majirani zetu Wahadzabe.

Ukame unajulikana kwa udongo uliokuwa umelikumbatia. Nikamwambia kijana akae, nikamfanyia somo la jikoni, kwa sababu mambo haya yakisemwa kwa lugha ya maabara yanaogopesha bure.

Uliwahi kukatwa na jani la hindi shambani? Kilichokukata ni chembe za kitu kilicho ndugu wa kioo. Mimea, hasa jamii ya nyasi, hunyonya madini ya silika pamoja na maji, ikajenga chembe ndogo mno ndani ya majani. Jani likioza, chembe inabaki udongoni. Wataalamu wanaziita fitolithi. Kila kundi la mimea lina umbo lake: za mitende ni viduara vyenye miiba, za nyasi nyingine zinafanana na shoka la pande mbili. Unachukua kiganja cha udongo kutoka pembeni ya jiwe, unauosha kwa kemikali, unauangalia kwenye hadubini, na unapata orodha ya majani yaliyokanyagwa na mwenye jiwe.

Chavua ni shahidi wa pili. Hii kila mwenye mafua ya msimu anaijua kwa uchungu. Ganda la chavua ni gumu ajabu, linavumilia kuzikwa. Nilimpa mfano wa familia ya mchicha. Mchicha wetu wa bustanini unapenda maji, lakini ndugu zake wengi ni wakazi wa ardhi kavu yenye chumvi, na chavua ya familia hiyo ikizidi kwenye mashapo huwa ni mojawapo ya dalili ambazo watafiti wa nchi kavu huziangalia. Mkaa nao unasema palipoungua nini.

Shahidi wa tatu ni wa kikemia, na huyu ndiye ninayempenda, kwa sababu Arusha na Moshi tunaye mezani kila siku. Mahindi, mtama na miwa vinatengeneza chakula chake kwa njia moja, inayofaa jua kali. Ndizi, maharage na kahawa vinatumia njia nyingine. Njia hizo mbili zinaacha uwiano tofauti wa isotopu za kaboni, yaani kaboni nyepesi na kaboni nzito, na uwiano huo unaingia kwenye udongo na kwenye meno ya wanyama waliokula mimea hiyo. Kwa hiyo jino la swala likipimwa linaeleza kama lilitafuna nyasi za uwandani au majani ya kivulini. Ukitaka kuona ardhi inavyohama kutoka vichaka kwenda nyasi na kutoka nyasi kwenda vumbi, unapima tabaka hadi tabaka.

Halafu ndiyo inakuja tarehe. Jiwe halipimiki umri kwa kuligonga. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyoganda juu na chini yake, kwa kuhesabu gesi ya argoni iliyotokana na kuoza kwa potasiamu. Oldupai ina bahati ya kuzungukwa na milima iliyokuwa ikitema majivu kama mpishi anayekoroga jivu la kuni. Mwaka 1961 njia hiyo ilitumika kwa tabaka la Zinjanthropus, ikatoka miaka milioni 1.75, na dunia ya wataalamu ikashtuka kwa sababu wengi walidhani ni chini ya hapo sana.

Mashahidi wote hao wanahusu *mahali*. Ukiliinua jiwe na kuliweka kwenye soksi, umewaacha wote kule kule.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akafanya kitu nilichokipenda: akaligeuza jiwe na kupuliza kwenye vishimo vyake, akitafuta udongo. Palikuwa na vumbi kidogo la rangi ya hudhurungi. Na nyuzi za soksi.

Hoja yake, na hoja nzuri

Asingekuwa mwanafunzi wangu kama asingebisha.

“Mwalimu, lakini lilikuwa juu ya ardhi. Hakuna aliyelichimba. Mvua ijayo lingesombwa. Si afadhali liko salama?”

Nilikiri kwamba hoja ina miguu. Jiwe lililolala chini ya mteremko limeshang'oka kwenye tabaka lake, na hata mtaalamu akilikuta hapo hawezi kuapa limetoka mstari upi wa ukuta. Tofauti kati ya jiwe lililochimbuliwa na jiwe lililookotwa ni kubwa, na wanaohubiri kana kwamba kila kokoto ni msahafu wanakosea.

Lakini jiwe la juu ni kibao cha njia. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa anatembea peke yake korongoni, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa, akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko. Hakuwa amechimba. Mvua na upepo ndivyo vilivyomwonyesha. Kutoka hapo walipata fuvu la Zinjanthropus ambalo leo liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Fikiria kama layoni angekuwa ametangulia nusu saa, na mbele yake kuna kijana mwenye elfu mbili.

Wala sitaki mtu adhani kwamba mahali hapadanganyi. Mwaka 1913 Hans Reck, mjiolojia Mjerumani, alikuta mifupa kamili ya binadamu ndani ya tabaka la kale la Oldupai, akaipeleka Ujerumani akiamini amepata mtu wa kale kuliko wote. Ubishi ukaendelea miaka karibu 20. Miaka ya 1930 ikakubalika kwamba lilikuwa kaburi: watu wa baadaye sana walichimba shimo kuingia kwenye tabaka kuukuu, wakamlaza ndugu yao. Mifupa ilikuwa ya mtu kama mimi na wewe. Iligundulika hivyo kwa sababu wataalamu waliweza kurudi mahali penyewe, kuangalia ukuta, kulinganisha udongo uliofukia kaburi na udongo wa pembeni. Mahali pakidanganya, panahojiwa tena. Jiwe la kwenye soksi utalihoji nini?

Sheria yenyewe naipitia kwa haraka, maana si kiini cha kisa. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863 ni malikale, na anayekigundua anapaswa kutoa taarifa, si kukifanya mapambo ya dashibodi. Vijana wengi ninaowafundisha wanajua kwamba pembe ya ndovu ni jela. Wachache wanajua habari za jiwe. Na kwa hilo mimi na wenzangu tunaofundisha tuna lawama kuliko wao, kwa sababu tumetumia saa nyingi kukariri majina ya mafuvu na dakika tano kueleza kwa nini kitu kiachwe kilipo.

Kurudi

Nilipiga simu kwa mtu ninayemfahamu kwenye mambo ya kale. Hakupiga kelele. Aliniambia tulipige picha pande zote tukiwa tumeweka rula, tulifunge kwenye karatasi bila kuliosha, kijana aandike siku ile ilivyokuwa kabla hajasahau, kisha tulipeleke wenyewe Oldupai.

Maelezo ya kijana yalijaza kurasa mbili. Nimeyasoma mara kadhaa. Saa ya kusimama, gari lilielekea wapi, layoni alivaa nini, mbuzi walikuwa upande gani. Mstari wa mahali lilipotoka una maneno sita: “alionyesha kwa fimbo upande wa korongo.” Korongo lina urefu wa kilomita 48 hivi.

Tukasafiri Jumamosi, tukilala Karatu. Njia panda hapakuwa na mtu. Tukaulizia bomani, tukazungushwa kidogo, mwisho layoni akaja na mbuzi wake, akamkumbuka kijana. Nilimsalimu, akainamisha kichwa nikakigusa. Ofisa aliyefuatana nasi alikuwa na kifaa cha kuchukulia alama za mahali, na daftari.

Kijana akauliza kwa Kimaasai, mimi nikisubiri tafsiri. Layoni alifikiri. Kisha akaeleza kwamba jiwe si yeye aliyeliokota. Lilikuwa la mdogo wake, ambaye alikuwa akilichezea siku nyingi. Mdogo wake akaitwa, mtoto wa miaka sita au saba mwenye makamasi, akalitazama jiwe kama mtu anayemtambua rafiki. Alipoulizwa alilitoa wapi akaelekeza kidole kwenye mfereji mmoja upande wa kaskazini. Kaka yake akamkatiza, akaelekeza mwingine. Wakabishana kidogo. Mtoto akabadilisha, akaelekeza wa tatu.

Ofisa hakuwadharau. Alitembea nao hadi mifereji yote mitatu, akachukua alama kila mmoja, akatazama chini. Kwenye mmoja palikuwa na vipande vingine vyeupe vya kwatzaiti vimetapakaa, viwili vya kuchongwa bila shaka. Alivipiga picha akaviacha. Kuhusu jiwe letu, alifungua daftari kwenye boneti ya gari, akaandika aina, urefu, uzito utakaopimwa ofisini, jina la aliyelileta. Kwenye safu ya mahali lilipookotwa akasimamisha kalamu, akatutazama, akaandika: *Oldupai, mahali hasa hapajulikani.*

Tukijiandaa kuondoka nikamuuliza kijana sasa mgeni akiuliza lile swali atajibu nini. Akasema ataanza na kumuuliza mgeni anazungumzia zamani ipi. Nikamwambia hapo atampoteza. Akasema basi ataanza na maji: kwamba kulikuwa na wakati wa ziwa na wakati wa vumbi, na hata wakati wa vumbi kuna waliojua vidimbwi viko wapi. Nimelichukua jibu hilo, liko kwenye maandalizi yangu ya somo la muhula huu.

Tulikuwa tumeshafungua milango ya gari layoni mkubwa akaja mbio, akamwambia kijana kitu huku akishika mfuko wa shuka lake.

“Anasemaje?”

“Anauliza, kwa kuwa tumelirudisha, kama ile elfu mbili tunaitaka.”

“Umemjibuje?”

“Nimemwambia akae nayo. Na akiona lingine asilishike, aje aniite.” Akapanda gari. “Ila amesema simu hana.”